Mkate wa Jukwaa la Mashariki

Habari ilimkuta Mahkam ameinama, nusu ya mwili imo tanurini, akibandika mikate kwenye kuta za moto. Sotvoldi kinyozi alimsomea kutoka kwenye simu kwa sauti ya mtu anayegawa peremende: "Kwa maslahi ya klabu, Mkurugenzi Zuhriddin ameondolewa kuanzia leo. Basi. Hata asante hawakuweka!"

Mahkam alichomoa kichwa, nyusi zikinuka moshi.

"Furahi basi, kaka! Miaka sita unapiga kelele uwanjani, 'Zuhriddin aondoke!' Leo kaondoka. Tuchinje kondoo?"

Kweli, mji mzima wa Anorbuloq hakuna aliyemtukana mkurugenzi kwa ufundi kama Mahkam. Tangu siku mkurugenzi huyo alipomuuza Jasur, mshambuliaji wao, Mahkam aliapa kutomuuzia mkate, na kiapo alikitunza. Sasa aliingoja furaha ije. Haikuja. Kilichompanda kifuani kilikuwa hasira ya mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"Nani aliniuliza mimi?" alifoka. "Mimi nikimtukana, ananijibu. Mvua ikinyesha, analowa nasi pale pale jukwaani. Wakubwa wa klabu walipotaka kutunyang'anya jukwaa la mashariki wawawekee wageni wao masofa, nani aliyekataa? Hao waliomfukuza hata rangi ya jezi yetu hawaijui!"

"Kumbe unampenda."

"Simpendi! Lakini wa kumfukuza ni mimi."

Alasiri mashabiki walitundika bango kwenye geti la uwanja: MRUDISHENI. Nemat, mlinzi mwenye mabega kama kabati, akaling'oa. Wakatundika la pili, akaling'oa pia, akalikunja kwapani huku akipiga mluzi. Mahkam aliusikiliza mluzi ule ukimpita, akarudi kwenye unga wake bila kuaga mtu.

Asubuhi iliyofuata Zuhriddin alisimama kituo cha teksi na sanduku moja, safari ya Tashkenti kwa binti yake. Wa klabu hakuonekana hata mmoja. Mahkam alimjia na kitu kilichofungwa kitambaani, kinatoa mvuke.

"Umenifuata kunizomea mpaka huku?"

"Ng'ata."

Zuhriddin aliutazama mkate. Kwao anayekwenda mbali, awe askari au mwanafunzi, hung'ata kipande, na mkate uliobaki hutundikwa ukutani umngoje arudi aumalize. Huletwa na mama wa mtu. Haujapata kuletwa na adui.

"Uliapa hutaniuzia mkate."

"Kwani nimekutajia bei?"

Akang'ata. Taya zilikawia kutafuna. "Jasur nilikosea kumuuza," alisema hatimaye, mdomo umejaa.

"Najua. Nilikwambia kila Jumamosi."

Jumamosi ile mkurugenzi mpya alikaa jukwaa kuu, suti inameta. Mbele yake, kwenye nguzo ya chuma ya jukwaa la mashariki, mkate ulining'inia kwa uzi mwekundu, pengo la kipande kilichong'atwa limemwelekea yeye. Chini yake watu elfu mbili waliketi kimya, mikono magotini.

Nemat akatumwa kuuondoa. Alipanda benchi, akanyoosha mkono, mkono ukaganda hewani. Redio yake ya mkononi ikakoroma: "Toa hicho kitu!"

"Si kitu, bosi. Ni mkate."

"Basi utupe!"

Jukwaa zima lilisikia, na kwao mkate hautupwi kamwe. Mzee mmoja alishika kifua.

Mahkam alisimama mbele ya benchi. "Haya, Nemat, mwanangu," alisema taratibu. "Mabango ulifundishwa kung'oa. Hili nalo mama yako alikufundisha?"

Nemat akaupangusa vumbi kwa mkono wa shati, akaunyoosha uzi usije ukapinda, akashuka. Redio ikakoroma tena. Akaizima.

Filimbi ililia, mpira ukaanza. Nemat alitazama huku na huku kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Mahkam akasogea kumpisha aketi, na kati yao akaacha nafasi ya mtu mmoja: mwenye mkate.