Wosia Alioukataa Dahabo

Mong'ina hakuwahi kukaa kwenye kiti kwa kipindi kizima bila kukiyumbisha, kukiegemeza ukutani au kukiacha kabisa. Mwaka ule wa 1971, mtihani wa kidato cha nne ulipokaribia kwisha, hali ilizidi. Alisoma akizunguka darasani. Alikula amesimama. Wenzake walizungumza juu ya huko watakakokwenda: mmoja uuguzi, mwingine ualimu, mwingine alikuwa na mchumba huko Nyaramba aliyekwisha kujenga nyumba ya mabati. Mong'ina akiulizwa alijibu kwamba anakwenda kuwa askofu. Watu walicheka na swali likapita.

Ndiyo maana walimchagua yeye asome wosia.

Ilikuwa desturi ya shule ile ya wasichana, iliyokuwa kilimani ng'ambo ya Mosocho. Jumamosi ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, kidato cha nne walisimama mbele ya bwalo na kuwarithisha wadogo wao vitu visivyorithika. Aliyetajwa alisimama, akasema "Nimepokea," akapigiwa makofi. Hata sista mkuu alikuja kusikiliza, ingawa alikaa karibu na mlango ili atoke mzaha ukipita kiasi.

"Mimi Nyanchera," Mong'ina alianza kusoma, "nikiwa na akili timamu, ingawa mwalimu wa hesabu hakubali, namwachia Gesare usingizi wangu wa kipindi cha saa nane. Autunze. Asikorome."

"Nimepokea!" Gesare alipaza sauti kutoka nyuma, akijifanya anasinzia.

"Mimi Bochaberi nawaachia kidato cha pili chote sauti yangu ya kwaya. Padri aliniambia ni zawadi ya Mungu, akaniomba nimrudishie mwenyewe."

Sista alijifunika mdomo kwa leso. Mong'ina alisoma huku akitembea kutoka meza hadi meza, na kila alipopita kicheko kilimfuata. Wosia wake mwenyewe aliuacha mwisho.

Ulihusu geti. Mama yake alifariki Mong'ina akiwa kidato cha kwanza, na baba yake akaenda Nyansiongo kuchunga ng'ombe wa maziwa wa mtu aliyenunua shamba la mzungu. Tangu hapo hakuna aliyemtembelea. Jumapili za wageni, wasichana wa namna yake walijificha bwenini, lakini Mong'ina alisimama getini, akawapigia wazazi saluti na kuwapokea vikapu. Alilipwa ndizi mbivu na mapaja ya kuku. Wakamwita Askari, na kwa kuwa alichekesha, walisahau kwamba hana wa kumngoja.

Muhula huo wa mwisho, Dahabo wa kidato cha pili alianza kusimama kando yake. Baba yake, Mohamednoor, alikuwa na duka Mosocho, na kabla ya hapo hakuwahi kukosa kuja. Alikuwa akifika na pikapu yake kuukuu, na machungwa na mahamri ya kutosha bweni zima. Sasa hakuonekana hata mara moja. "Amesafiri," Dahabo alisema, macho yake barabarani. Mong'ina hakuuliza zaidi. Aliona tu kwamba mtoto huyu hana pa kuuweka uso wake, na yeye alikuwa na mahali.

"Mimi Mong'ina, askari mkuu wa geti, nastaafu," alisoma. "Cheo changu, saluti yangu, na nafasi yangu ya kungoja wageni wa watu wengine, namwachia Dahabo. Mafunzo ameshaanza."

Bwalo lililipuka kwa kicheko. Wengine walipiga meza kwa vijiko. Dahabo alisimama, na kelele zikapungua ili asikike akipokea.

"Sipokei," alisema. "Baba yangu si mgeni wa watu wengine. Baba yangu atakuja."

Akatoka, akampita sista mlangoni bila kuomba ruhusa.

Kicheko kilikatika vipande vipande, na waliokuwa nyuma wakawa wa mwisho kuelewa. Wote walimtazama Mong'ina wakitegemea aseme neno la kuliokoa jambo. Aliiweka karatasi kwenye meza ya karibu, naye akatoka.

Geti lilikuwa wazi kwa sababu mkokoteni wa kuni ulikuwa unaingia. Mtandio mweupe wa Dahabo ulikuwa ukishuka tayari katikati ya migomba. Mong'ina alijua kwamba anayetoka bila ruhusa hurudishwa nyumbani, na Jumatatu ilikuwa karatasi ya mwisho, jiografia. Alilijua hilo vizuri kabisa, na miguu yake ilikuwa imeshavuka geti.

Alimfikia chini ya mteremko.

"Rudi shuleni," Dahabo alisema bila kugeuka. "Mimi nakwenda kumtafuta baba."

"Si ulisema amesafiri?"

"Nilisema hivyo kwa sababu sijui aliko." Aliongeza mwendo. "Ulifikiri wataniona vipi kuanzia leo?"

"Nilifikiri watakuona kama mimi."

"Kwa nini nitake kuonekana kama wewe?"

Walitembea hadi Mosocho, mmoja mbele, mwingine nyuma kidogo.

Duka lilikuwa limefunguliwa mlango mmoja tu. Nyuma ya kaunta alikuwapo Shueib, kaka yake Dahabo, akipima sukari. Alipowaona, sukari ilimwagika.

"Mmekuja na nani? Shule inajua?"

"Baba yuko wapi?"

"Amepumzika. Dahabo, ngoja kwanza, nakwambia ngoja..."

Dahabo alipita chini ya mkono wake. Mong'ina, asiyeweza kusimama pale akitazamana na kijana asiyemjua, alifuata.

Mohamednoor alikuwa uani, kwenye kiti cha kamba. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeshuka, na mkono wa kulia ulilala mapajani kama kitu alichopewa akishike. Alipomwona binti yake alijaribu kuinuka, akashindwa, kisha akamwona Mong'ina na kuvuta shuka hadi juu ya mdomo.

"Usi... usilete watu," alisema. Maneno yalitoka mazito.

"Kiharusi," Shueib alisema nyuma yao, kwa sauti ya chini. "Kilimpata wiki mliyofungua shule. Alituapisha tusikwambie."

"Kwa nini?" Dahabo alipiga magoti. "Baba, kwa nini?"

Mzee alichukua muda kuyapanga maneno. "Wale wasichana wanapenda kucheka. Mimi nilikuwa nawapenda kwa hilo. Lakini sikutaka wakucheke wewe kwa ajili ya mdomo huu."

Vijiko vilikuwa bado vinagonga meza masikioni mwa Mong'ina. Dahabo aligeuka, akamtazama kwa muda, na angeweza kusema neno moja tu likatosha. Hakulisema. Aliteremsha shuka taratibu, akaufuta udenda wa baba yake kwa ncha ya mtandio.

"Askari," mzee alisema ghafla. Alikuwa amemtambua Mong'ina. "Wewe ndiye uliyekuwa unanipokea kikapu. Baba yako sikuwahi kumwona. Yuko wapi?"

Majibu ya kawaida ya Mong'ina yalikuwapo, yote ya kuchekesha.

"Yuko Nyansiongo, mzee. Anachunga ng'ombe wa watu."

"Ni mgonjwa?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Hajawahi kuja."

"Na wewe umewahi kwenda?"

Likizo zote alikuwa akienda kwa shangazi. Aligundua kwamba hata njia haijui. "Sijaenda," alisema, akaanza kuzunguka ua, akishika kamba ya nguo, akiiachia, hadi Shueib alipomwambia gari liko tayari.

Shueib aliwarudisha na kuzungumza na sista mkuu faragha. Mong'ina aliruhusiwa kufanya jiografia, lakini kwanza alifyeka nyasi za nusu ya uwanja, na baada ya karatasi akafyeka zilizobaki. Dahabo alimletea maji.

"Ule wosia nimeufuta," Mong'ina alisema.

"Huwezi kufuta kitu ambacho sikupokea." Dahabo alikaa kwenye nyasi zilizokatwa. "Baba amekubali kuja kunichukua tukifunga. Amesema atashuka garini, wakitazama na watazame." Alitoa hamri mfukoni, akalimega, akampa kipande kidogo. Hawakuwa marafiki kamili, lakini Mong'ina alikaa chini kukila.

Siku ya kuondoka, shangazi alimngoja bure. Mong'ina alipanda basi la kwenda upande wa Borabu, sanduku la bati magotini, akiuliza kila liliposimama kama ndio Nyansiongo. Aliposhuka ilimbidi aulize tena, na mwanamke mmoja aliyekuwa akichuma chai alimwonyesha zizi upande wa pili wa bonde.

Baba yake, Mogire, alikuwa akikamua. Alikuwa amekonda, na kofia aliyovaa haikuwa yake. Alimtazama msichana mrefu mwenye sanduku kana kwamba ni mgeni aliyekuja kumtafuta mwenye shamba.

"Tata," Mong'ina alisema.

Mogire aliiweka ndoo chini. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimemaliza shule." Kisha, kabla hasira haijapoa: "Mbona hukuja? Miaka yote ile, Tata, mbona hukuja hata siku moja?"

Mogire alitazama maziwa. "Ng'ombe hawana Jumapili," alisema. Ilikuwa kweli, lakini haikutosha, na wote wawili walijua. Nyuma yake ndama mmoja alikuwa akirukaruka na kuvuta, akitaka kumfikia mama yake kabla ya wakati.

Mong'ina hakuondoka. Aliliweka sanduku chini, akasimama pale akihema kwa hasira, asijue afanye nini na mikono.

"Nishikie huyo," baba yake alisema hatimaye, akimpa kamba. "Nikimaliza tutakula. Kisha uniulize tena."

Akaishika. Ndama akavuta huku, akavuta kule, na Mong'ina akawa anakwenda naye.