Ndiyo ya Solo

Kiharusi kilipompata Solo, kilimwachia neno moja tu kinywani: ndiyo. Ukimwuliza kama ana njaa, ndiyo. Kama ameshiba, ndiyo. Siku moja dada yake alimwuliza kama yeye ni mbuzi, akajibu ndiyo, wakacheka wote, naye akacheka nao, kisha machozi yakamtoka. Hakuna aliyerudia utani ule. Mkono wake wa kulia ulilala juu ya paja kama kitu alichowekewa na mtu mwingine. Wa kushoto ulikuwa mzima.

Kabla ya hapo alikuwa mpiga gita la solo katika bendi ya hotelini, na jina lilitokana na hilo. Mkewe, fundi cherehani, alishalizoea lile gita kama mke mwenza. Kwa miaka mingi Solo alitafuta kitu kimoja: amplifaya ya zamani ya valvu, zile zenye chupa ndogo za kioo zinazowaka kwa ndani. Ujanani aliwahi kupigia moja ya kuazima, akawa anasema sauti yake ina nyama, hizi za siku hizi ni mifupa mitupu.

Jumamosi moja asubuhi, mpiga besi wa bendi ile alimpigia simu mke wa Solo.

"Shemeji, imepatikana. Kuna mwalimu mstaafu anahama, anauza vitu vya marehemu kaka yake. Ni yenyewe kabisa. Ila kuna mtu mwingine anakuja kuitazama saa nane."

Mke akatoa fedha alizokuwa akidunduliza za mashine ya ovaloki, ile ya kuzuia kingo za nguo zisichanike nyuzi, akazifunga kwenye kitambaa, akamwacha mumewe na wifi yake. Hakuwa ameamua kununua. Njia nzima alijiambia kwamba kuona si kununua.

Sebule ya mwalimu ilikuwa imejaa maboksi. Amplifaya ilikaa peke yake chini ya dirisha, ngozi yake imebanduka kwenye pembe moja. Mwalimu akaiwasha. Kimya.

"Haipendi haraka," alisema. "Mpaka ipate moto."

Baada ya kitambo, chupa za nyuma zikaanza kuiva rangi ya chungwa, na mvumo mdogo ukaenea chumbani. Mpiga besi akachomeka gita, akacharaza kidogo kwa woga, kama mtu anayejaribu viatu vya mkubwa wake. Hata fundi cherehani, ambaye sikio lake lilijua tu mashine inayodai mafuta, aliisikia ile nyama.

"Ni nzima?" aliuliza.

"Ni nzima," alisema mpiga besi. "Huo mvumo ni uzee tu. Chupa zikiungua ndipo kazi ilipo, si vitu vya kupata duka la jirani."

"Ungekuwa mimi, ungenunua?"

Mpiga besi akaviangalia vidole vyake. "Shemeji, usiniulize. Nikisema nunua, halafu ikae pale inamkodolea macho kila siku, nitajilaumu. Nikisema acha, ni kama nimemzika."

Ndilo hasa alilokuwa akiliwaza mke. Akapiga simu nyumbani.

"Wifi, mwekee simu sikioni." Akaisogeza yake karibu na spika, akamwashiria mpiga besi apige. Gita liliponyamaza akauliza, "Mume wangu, umeisikia? Niinunue?"

"Ndiyo."

Akashika fundo la kitambaa. Lakini alimjua mumewe, akauliza upande wa pili. "Au niiache?"

"Ndiyo." Sauti ile ile, upole ule ule.

"Wifi, uso wake ukoje?"

"Ni ule ule. Jicho moja lina maji, lakini hilo siku zote lina maji."

"Mwambie akufinye mkono. Mara moja ninunue, mara mbili niache."

Akasubiri. Mwalimu kwa adabu aliingia chumba kingine, akajifanya anafunga boksi lililokwisha kufungwa.

"Amefinya," alisema wifi.

"Mara ngapi?"

"Wifi, haachii."

Saa nane kamili yule mtu mwingine akabisha hodi, amekuja na gita lake mgongoni. Akapiga, na mpiga besi akageukia dirishani. Mke alikaa juu ya boksi, kitambaa chenye fedha kimelala mapajani.

"Mama, wewe ulitangulia," mwalimu alimwambia. "Nakusikiliza wewe kwanza."

Akafungua kinywa. Maneno yote alikuwa nayo, na hakuna hata moja lililotoka. Akatikisa kichwa, na yeye mwenyewe hakujua kama alikuwa anakataa au anaomba asubiriwe. Mwalimu alielewa kwamba anakataa. Kwa kuwa ilikuwa nzito, mpiga besi ndiye aliyesaidia kuibeba hadi kwenye gari la mwenye bahati.

Nyumbani mke alimkuta wifi yake anahema, meza ya kupigia pasi iko katikati ya chumba.

"Tangu simu ikatike ananyooshea mkono kona ile," wifi alisema. "Nikaondoa meza. Akanyoosha tena, nikaondoa na kapu la vitambaa. Ndipo akatulia. Iko wapi? Inakuja na gari?"

Solo alikuwa akitazama mlangoni, nyuma ya mkewe. Mke akapiga magoti mbele ya kiti.

"Imeuzwa, mume wangu. Nilishindwa kusema."

"Ndiyo," alisema Solo, na macho yake yakabaki mlangoni.

Jioni mke alitaka kurudisha meza mahali pake. Solo akainua mkono wa kushoto, kiganja wazi, akaushikilia hivyo hivyo mpaka mkewe akaiacha. Mpiga besi aliahidi kutafuta nyingine, ingawa wote wawili walijua ile ya kwanza ilichukua miaka mingapi. Siku zilizofuata mke alipiga pasi kitandani. Wateja waliokuja kupimwa nguo walikwenda kusimama kwenye ile kona, maana ndipo palipokuwa na nafasi, na Solo aliguna mpaka wakasogea.