Mguu wa Kushoto wa Mwalimu

Mwalimu wa udereva alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa kwenye mguu wake wa kushoto.

Gari la shule yao lilikuwa na pedali pande zote mbili, za mwanafunzi na za mwalimu, ili mwanafunzi akipitiwa mwalimu awahi kukanyaga breki kabla hawajaingia dukani kwa watu. Hiyo ndiyo kazi ya pedali zile. Lakini mwalimu huyu alikuwa mpole kupita kiasi, mtu asiyeweza kumwona mwenzake akilia bila na yeye kutafuta leso, na pedali yake ya klachi alikuwa ameipa kazi nyingine. Mwanafunzi akianza kukata tamaa, yeye aliikanyaga kimyakimya, akaiachia taratibu, gari likaondoka bila kishindo. Mwanafunzi akaamini ni miguu yake iliyofanya hivyo.

"Umeona?" mwalimu alikuwa akisema, akiangalia dirishani kama asiyehusika. "Unaweza."

Baada ya siku chache humwachia, naye huendelea mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa wote, isipokuwa mmoja.

Huyo wenzake walimbandika jina la Bi Zimika, maana gari likiwa mikononi mwake lilikuwa halikomi kuzimika. Alikuwa mjane, mfuaji wa mashuka kwenye zahanati, na dereva wa gari la wagonjwa pale zahanati alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Mganga mkuu alimwambia bila kupindisha: leta leseni, kazi ni yako, usipoleta, tunatafuta mwingine. Bi Zimika akaenda kwenye jaribio mara ya kwanza, akafika mlimani, pale ambapo mwanafunzi husimamisha gari katikati ya mwinuko kisha huliondoa tena. Gari likazimika. Akaliwasha, likazimika tena, halafu likaanza kurudi nyuma na mtahini akavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu, tusidanganyane," Bi Zimika alimwambia kwenye somo lililofuata, viganja vyake vilivyochubuliwa na sabuni vikiwa mapajani. "Kichwa changu kimeshakomaa. Magari yana wenyewe."

"Jaribu mara moja tu, Mama. Moja tu, kisha ukapumzike."

Na mwalimu akakanyaga. Gari likapanda mlima kwa adabu zote. Bi Zimika akapiga kelele za furaha mpaka kinyozi wa kando ya barabara akatoka nje na mashine yake mkononi kuangalia nani kagongwa.

Kuanzia hapo mama wa watu akawa mwingine. Alifika mapema kuliko wote. Nyumbani aliweka matofali chini ya meza, akawa anakanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, huku binti yake akimcheka mbavu hana. Alifikia hata kuwasahihisha wenzake. "Usiitupe klachi, mwanangu! Iachie kama unavyomwacha mtoto aliyelala."

Na mwalimu je? Kila asubuhi alijiapia kwamba leo namwachia. Wakifika mlimani, akiuona uso ule ulivyojaa matumaini, mguu ulikwenda wenyewe. Faraja yake ilikuwa moja: katikati ya mafunzo zilinyesha mvua kubwa, na baada yake gari lilipotoka gereji, pedali yake ilikuwa laini kweli, haimchoshi. Fundi huyu ana mkono mzuri wa grisi, alijisemea, akaendelea kukanyaga.

Siku hazingoji mtu aone aibu. Asubuhi ya jaribio la pili ikafika, na siku ya jaribio kiti cha mwalimu hukaliwa na mtahini. Mtahini hana mguu wa huruma. Mwalimu alisimama uani pa shule, chai imempoa mkononi, akimwona Bi Zimika akija na gauni lililopigwa pasi na viatu vipya vya soli nyembamba. Kichwani akamwona akirudi nyuma tena mlimani, safari hii mbele ya watu, akiwa hajui hata kilichompata. Akashindwa kuvumilia.

"Mama, naomba tuahirishe."

"Tuahirishe nini?"

"Jaribio. Si kosa lako, ni langu." Akaweka kikombe chini. "Pale mlimani... si wewe uliyekuwa unaliondoa gari. Ni mimi. Nilikuwa nakanyaga klachi ya upande wangu."

Bi Zimika alitabasamu kwanza, akidhani ni utani. Kisha tabasamu likamtoka kidogo kidogo. Akatafuta pa kukaa, akakosa, akaegemea mlango wa gari.

"Siku zote?"

"Siku zote, Mama."

"Na mimi nimemwambia binti yangu. Nimewaambia wote pale kazini." Sauti ilikuwa ndogo, kama inatoka chumba cha pili. "Mwalimu, umenivua nguo."

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka. Badala yake, chini ya gari jingine la shule lililokuwa limepandishwa jeki, kilitoka kicheko.

"Klachi gani hiyo, Mwalimu?" Fundi wa shule alijiburuta nje, uso mzima oili. "Hiyo ya kwako ya kushoto? Mbona imekufa siku nyingi?"

"Imekufaje?"

"Waya ulikatika wakati wa zile mvua. Nikautoa, nikaweka springi tu ili pedali isilale chini. Nikamwambia karani akwambie tunasubiri spea. Breki yako ni nzima, lakini hiyo klachi unakanyaga hewa, bwana."

Karani, aliyekuwa anafungua dirisha la ofisi, alishika mdomo. "Yesu na Maria! Nilisahau!"

Fundi akafungua mlango, akapiga magoti, akavuta kapeti. Mwalimu akainama, macho yamemtoka. Pale ulipopaswa kuwa waya palikuwa na tundu tupu la kupitisha kidole. Alipitisha kidole. Akakanyaga pedali kwa mkono, ikashuka laini, ikapanda laini, na hakuna kitu popote kilichosogea. Jasho lilimtoka kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba anayolala haina paa.

"Tangu zile mvua?" Bi Zimika aliuliza.

"Tangu zile mvua, mama," fundi alisema.

"Na siku ile lori la mchanga lilipotuzibia njia mlimani, nikasimama, nikaondoka? Mvua zilikuwa zimekwisha."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Ni mimi," Bi Zimika alisema.

"Ni wewe."

Mtu angedhani atarukaruka. Hakuruka. Alimwangalia mwalimu, na macho yake hayakuwa na hasira wala shukrani.

"Uliniambia naweza," alisema. "Mimi nikakuamini, nikaenda kukanyaga matofali. Kumbe wewe uliyesema ndiye hukuamini."

Neno hilo lilimwingia mwalimu mpaka kwenye mifupa. Mtahini alikuwa ameshafika getini, anaita majina. Bi Zimika akavua viatu vipya, akavirusha kiti cha nyuma, akaingia upande wa dereva peku.

Mwalimu alitembea mpaka chini ya mlima, akasimama kando ya barabara kwenye udongo laini. Gari lilipanda hadi katikati ya mwinuko, likasimama. Kimya. Kisha likatikisika, likazimika.

Gari lilirudi nyuma kidogo, taa nyekundu za breki zikawaka, likatulia. Hakuna mtu wa kumsaidia. Mwalimu akasikia gari likiwashwa tena, injini ikanguruma, ikapungua, ikashika. Gari likapanda. Lilipotelea juu ya mlima bila kugeuka nyuma.

Lilipoteremka, mtahini alikuwa anaandika huku anaitikia kwa kichwa, na Bi Zimika alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Alisimamisha gari mbele ya mwalimu, taratibu, bila kishindo, akachungulia dirishani ili amwambie kwamba amefaulu. Lakini macho yake yakaenda chini.

Mguu wa kushoto wa mwalimu ulikuwa umezama kwenye udongo mpaka kifundo, na pembeni yake tope limefura pande zote.

"Jamani, Mwalimu," alisema Bi Zimika. "Hata leo?"