Kitambaa Kuoga

Kiharusi kilipopita kwa mama fundi cherehani kilizoa maneno yote, kikamwachia moja tu: "Kesho." Mungu ana mambo! Neno lenyewe ndilo alilowagawia wateja miaka thelathini, nguo zao zikiwa bado hazijaguswa. Waliokuja kumjulia hali walitoka wameshika mbavu. "Fundi yule yule. Nani kasema anaumwa?"

Kichwani mwake maneno yalikuwa tele. Mlango tu ndio uliokwama. Mtaalamu wa matamshi akamletea tableti yenye picha. Ukigusa picha, tableti inasema, kwa sauti kavu kama ya msoma taarifa ya habari.

Jumatano hiyo binti yake alikuwa ametandaza kitambaa cha pamba mezani. Majoho ishirini ya kwaya, yanatakiwa Jumamosi: kazi yake kubwa ya kwanza tangu mama aanguke. Akiharibu, nani ataleta tena nguo kwenye chumba kile? Akachora kwa chaki, akachukua mkasi.

Mama roho ikamruka. Pamba mbichi, haijaloweshwa! Ikifuliwa mara moja tu, itanywea shubiri nzima. Akagusa picha upesi.

"Maji," ikasema tableti.

Binti akaweka mkasi, akaleta bilauri. Mama akaisukuma.

"Maji."

"Si haya hapa, mama yangu? Au wataka ya baridi?"

Mama akagusa nyingine. "Kitambaa."

Binti akachukua kitambaa cha mkononi, akamfuta mdomo.

"Kesho!" mama akafoka, na kwa namna alivyolitoa, lilikuwa tusi.

"Mama nawe! Acha nikate kwanza, ndipo unitukane vizuri."

Mkasi ukapanua midomo. Mama hana mbio, mguu mmoja gogo. Kidole kikaruka ukurasa wa vyakula, kikaruka wa maumivu, kikatua kwenye picha ya mtu ndani ya beseni.

"Kitambaa. Kuoga."

"Umeshaoga asubuhi."

"Kitambaa. Kuoga. Kitambaa. Kuoga." Msoma habari hachoki.

Binti akakitazama kile cha mkononi. Akakitazama cha mezani. Mkasi ukashuka taratibu.

"Kitambaa... kioge?" Akaketi sakafuni kwa kicheko. "Jamani, kitambaa kioge! Mama, sijakilowesha!"

Mama akapiga meza kwa ule mkono mzima mpaka chaki zikamwagika.

Walikiogesha kweli, kwa pipa zima la maji, wakakianika uani. Kilipokauka binti akapima, akapiga ukelele. "Kimenywea shubiri na vidole viwili! Kwaya ingeimba magoti nje, kama timu ya mpira!"

Siku mbili cherehani haikupoa. Binti anashona, mama amekaa ubavuni pake, na tableti inaamrisha: "Hapana. Hapana. Nzuri. Hapana."

Jumamosi mwalimu wa kwaya akaja mikono mitupu, bila hata mfuko. Mzoefu huyo.

"Shikamoo fundi. Jibu nalijua, ila niulize tu: lini?"

"Kesho," mdomo ukasema.

"Nilijua!" Akacheka, akageuka aende zake.

Nyuma yake msoma habari akatangaza: "Leo."

Mwalimu akasimama kama aliyeitwa na marehemu. Binti akafungua kabati: majoho ishirini, yamepigwa pasi, yananing'inia.

"Fundi! Hilo neno umelitoa wapi?"

Kidole cha mama kikarudi kwenye picha. Mwalimu alibeba mzigo wake, akavuka barabara, akakata kona, na bado aliisikia tableti dirishani: "Leo. Leo. Leo."