Ushuhuda Ambao Mutindi Hakuutoa

Tangu amzae Ben, mtoto wake wa mwisho, Mutindi hakuweza kuzuia mkojo. Akicheka, unamtoka. Akipiga chafya, unamtoka. Katika kanisa la Nunguni aliimbisha kwaya ya akina mama, na kila Jumapili alijifunga leso mbili chini ya sare. Hakumwambia mtu. Mumewe Kivuva, mnunuzi wa mbuzi huko Kyuso, alikuwa akirudi nyumbani mwisho wa mwezi na kudhani mkewe amemchoka tu.

Siku moja aliona kwenye simu tangazo la dawa ya mitishamba. Akamwandikia muuzaji shida yake yote, maana mtu usiyemjua ni rahisi kumwambia. Muuzaji akaomba picha ya kitambulisho, eti amsajili kama mteja, na nyingine ya kawaida. Mutindi akatuma ile aliyopigwa na sare ya kwaya. Dawa ilipofika aliinywa, ikamsokota tumbo, akaimwaga.

Baadaye Kaveke, mwenzake wa kwaya, alimwita kando baada ya mazoezi, akamwonyesha simu.

"Mama Ben, huyu ni wewe?"

Ilikuwa akaunti ya mtandaoni yenye jina lake na picha yake. *Mimi ni Mutindi wa Nunguni. Nilikuwa nalowesha kitanda kama mtoto, sasa nimepona. Niandikie nikusaidie.* Wanawake walikuwa wameuliza maswali, na huyo Mutindi alikuwa amewajibu kwa upole, akiwaita dada.

"Si mimi niliyeandika."

"Na hiyo shida, pia si yako?"

Mutindi akachukua mkoba wake, akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuenda kanisani.

Kivuva alirudi kabla ya mwisho wa mwezi. Wenzake walikuwa wamemwonyesha ile akaunti sokoni, wakicheka.

"Ungeniambia mimi," alisema. "Nimeisikia kwa wauza mbuzi." Hakupaza sauti. Mutindi aliona afadhali angefoka.

Ni Kivuva aliyempeleka mjini Kitui kwa wakili aliyeitwa Filsan. Mutindi alikaa ukingoni mwa kiti, akiogopa kukilowesha.

"Nataka tu itolewe," alisema. "Nikishtaki, nitakuwa nimekubali kwamba ni kweli."

"Ukweli wa ugonjwa wako haumhusu mtu," Filsan akajibu. "Sheria ya ulinzi wa data haiulizi kwa nini ulinunua dawa. Inauliza kama uliwaruhusu watumie jina lako, sura yako na habari za afya yako. Uliwaruhusu?"

"Hapana."

"Basi wa kuona haya ni wao."

Mutindi aliitikia kwa kichwa, lakini haya haikumtoka. Filsan aliandika malalamiko kwa Kamishna wa Data, akaomba jina la mteja wake lisitangazwe. Muuzaji alijitetea kwamba aliyenunua amekubali. Uamuzi ulipotoka ulisema kununua si kukubali. Akaamriwa kuifuta akaunti, kuharibu picha zote na kumlipa Mutindi fidia. Akaunti ikafutwa. Zile picha ambazo watu walikuwa wameshazihifadhi kwenye simu zao, hakuna amri iliyozifikia. Mutindi alirudi kanisani, akakaa viti vya nyuma.

Kisha akapigiwa simu na mwanamke wa Kabati, Kathini, aliyekuwa ameulizauliza mpaka akapata namba yake.

"Wewe ndiye uliyeniita dada," Kathini alisema. "Nilikuamini, nikanunua ile dawa. Sijapona. Mbona hunijibu tena?"

Mutindi alihisi uso ukimwaka moto, kana kwamba kweli ni yeye aliyemdanganya. Angeweza kukata. Kivuva alikuwa mlangoni akisikiliza.

"Aliyekuandikia si mimi," alisema. "Jina langu liliibwa. Lakini ugonjwa ninao, kama wewe. Naenda hospitali ya Makueni, nafundishwa mazoezi ya kuzuia mkojo. Bado unanitoka, ila si kama zamani."

Kathini akaanza kulia, na Mutindi akavuta kigoda akakaa, akamngoja amalize.