Waya Uliopita Dirishani

Mzee Rashidi alikuwa na sharti moja tu kwa wapangaji wake wa ghorofani: mtu asitoboe ukuta. Wageni walikuwa wakimiminika Babati tangu mji ufanywe makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara, na mmoja wao, karani aliyetaka kutundika kabati, alitoboa ukuta akalipata bomba la maji. Maji yakashuka mpaka dukani chini, yakayeyusha sukari ya mzee. Tangu siku hiyo Mzee Rashidi alikuwa akipanda ngazi kila alipopata nafasi, anabisha hodi kwa adabu, anasalimia, na macho yake yanatembea ukutani.

Edda, muuguzi aliyepanga vyumba vya mwisho karibu na roshani, hakuwa na ugomvi na sharti hilo. Hakuwa na kitu cha kutundika. Mambo yalibadilika alipomleta mama yake kutoka Dareda.

Mama yake, Antonia, alikuwa amepooza upande wa kushoto. Alikuwa amelima mahindi na maharage maisha yake yote, na sasa alishinda kwenye kiti chenye mito, mkono mmoja umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Hakulalamika. Ila kila mara alikuwa na maswali kuhusu Konstantini.

Konstantini alikuwa kitinda mimba wake. Utotoni alichunga mbuzi kwenye mteremko wa Bonde la Ufa juu ya Dareda, akapanda na kushuka mbio mpaka mapafu yake yakazoea. Kocha mmoja akamwona kwenye mashindano ya shule, akamchukua, na sasa alikuwa akiitwa nchi za watu kukimbia. Alileta picha na medali. Lakini mama yake hakuwa amemwona akikimbia tangu enzi za mbuzi.

"Wanamwita mpaka Ulaya akakimbie tu?" aliuliza.

"Akakimbie tu, mama."

"Hafukuzi kitu?"

"Hafukuzi kitu. Wanakimbia wengi, wa kwanza anapewa zawadi."

Antonia alitikisa kichwa polepole. Hakuwa anabisha. Alikuwa amejaribu kuiona hali hiyo kichwani mwake, ikamshinda.

Halafu Konstantini akapiga simu. Jumapili angekimbia marathoni, na ingeonyeshwa moja kwa moja kwa wenye dishi. Edda alikuwa na televisheni ndogo iliyoonyesha chenga nyingi kuliko watu. Akamtafuta Basil, fundi wa madishi wa kule Nakwa, naye akaja Jumapili hiyo hiyo asubuhi, dishi begani, baada ya misa ya kwanza.

"Waya tunaupitisha wapi?" Basil aliuliza akiukagua ukuta.

"Popote, ila ukuta usiguswe. Kuna bomba humo ndani."

Basil hakushangaa, nyumba za kupanga alizizoea. Dishi hakulifunga ukutani. Alilisimamisha roshani juu ya ringi ya gari iliyojazwa zege, nzito kiasi kwamba upepo usingeitikisa. Kisha akaliendea dirisha la sebuleni, lenye vioo vya luva vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na wavu wa mbu. Akachokonoa ubao mwembamba unaobana wavu kwenye kona ya chini, taratibu, asije akaupasua. Waya wa kawaida ulikuwa mnene. Ungezuia kioo cha chini kufunga na mvua ingeingia. Kwa hiyo akatoa mkobani kipande cha waya bapa kama utepe, akakilaza kwenye fremu, akafunga kioo juu yake. Kioo kikafunga sawasawa. Kule nje akauacha waya uning'inie kidogo chini ya dirisha kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya ndani. Kule ndani Edda akaubandika juu ya sakafu kwa plasta aliyonunua duka la dawa.

Antonia aliyafuata yote hayo kwa macho. Basil alipotoka tena roshani kulielekeza dishi, aliuliza, "Mbona umelilaza hivyo? Litajaa mvua."

"Nimelitoboa chini, bibi, maji yatatoka. Hapa kwetu lazima litazame juu. Mtambo unaoleta picha uko angani, karibu utosini kwetu kabisa."

"Juu ya Babati?"

"Karibu kabisa."

"Umefungwa na nini?"

Basil alisita, bisibisi mkononi. "Haujafungwa, bibi. Unazunguka pamoja na dunia, ndiyo maana unaonekana kama umesimama."

Edda alikuwa amesoma habari hizo shuleni, akajibu mtihani, akasahau. Sasa alijikuta amesimama mlangoni, anatazama juu kama mama yake. Mbingu ilikuwa nyeupe na tupu.

Wakaunganisha king'amuzi. Kioo cha televisheni kikawa bluu, na maandishi yakasema hakuna mawimbi. Basil akageuza dishi huku, akaligeuza kule. Bluu tu. Edda akatazama saa. Mbio zilikuwa zimeshaanza. Mama yake alikuwa amesogea mbele kwenye kiti, na mkono wake mzima umekamata kitambaa cha meza.

Ndipo hodi ikapigwa. Mzee Rashidi alikuwa amesikia vishindo roshani. Aliingia, akasalimia, na kabla hajaketi alikuwa ameshaupapasa ukuta chini ya dirisha kwa kiganja.

"Hatujatoboa, mzee," Edda alisema. "Umepita dirishani."

Mzee akainama, akaufuata waya kwa kidole mpaka ulipopotelea chini ya kioo. Akanyanyuka. Akamtazama Antonia.

"Kuna nini leo, Mama Konstantini?"

"Mwanangu anakimbia," Antonia alisema. "Sasa hivi. Wanasema yuko juu hapo, ameshindwa kuingia."

Mzee Rashidi aliutazama tena ukuta. Kisha akamgeukia Basil. "Fundi, kama tatizo ni ukuta, toboa. Bomba liko huku kushoto, nitakuonyesha."

Edda hakuamini masikio yake. Basil akatikisa kichwa. "Ahsante, mzee. Ukuta hauna kosa. Ngoja niangalie maungio."

Akafungua kichwa cha waya upande wa nje. Uzi wa shaba wa katikati, mwembamba kama unywele, ulikuwa umekatika alipokikaza mara ya kwanza. Akaumenya upya, akaurudisha, akakaza kwa vidole tu. Kisha akalisogeza dishi kidogo sana, kama mtu anayeinamisha kikombe.

Picha ikaja.

Barabara pana yenye maji ya manyunyu. Majengo ya mawe pande zote, watu wengi wamevaa makoti, na katikati ya barabara kundi dogo la wanaume wembamba wanakimbia, pumzi zao zinatoka nyeupe kama mvuke wa sufuria. Edda alianza kutafuta bendera kwenye fulana, lakini mama yake alitangulia.

"Yule wa pembeni," Antonia alisema. "Anakimbia kama baba yake. Bega la kulia linashuka."

Alikuwa ni yeye. Kamera ikamsogelea mpaka matone ya mvua yakaonekana kwenye nyusi zake. Antonia alianza kusema naye Kiiraqw, kwa sauti ya chini, maneno ya mama kwa mtoto anayeshuka mlima: taratibu hapo, angalia mguu.

"Hii ni sasa hivi?" Mzee Rashidi alinong'ona. "Si jana?"

"Ni sasa hivi," Basil alijibu, naye alikuwa amesahau bisibisi mkononi.

Wakatazama mpaka mwisho, wote wanne. Mmoja mmoja wakabaki nyuma, wakabaki watatu, kisha wawili. Konstantini akashindwa mita za mwisho; mwenzake alimpita mbele ya utepe. Akawa wa pili. Akashika magoti, akavuta pumzi, kisha akanyanyua uso akatazama moja kwa moja kwenye kamera. Antonia akainua mkono wake mzima, akauacha hapo hewani mpaka picha ilipobadilika.

Halafu akaomba kitu ambacho hakuwahi kukiomba tangu aletwe mjini: atolewe nje. Mzee Rashidi akashika kiti upande mmoja, Basil upande wa pili, wakamweka roshani kando ya dishi. Chini Babati ilikuwa inaendelea na Jumapili yake. Antonia hakuangalia chini. Aliegemeza kichwa nyuma akatazama juu, huku Edda amemkinga jua kwa kanga, na walikaa hivyo kwa muda mrefu.

"Na yeye akitazama juu kule aliko," aliuliza hatimaye, "mtambo ni huu huu?"

Edda alimtazama Basil. Basil alitazama juu.

"Sijui, bibi," alisema. "Lakini mbingu ni hii hii."

Antonia aliitikia kwa kichwa, na hakutaka kurudishwa ndani mapema.