Zamu ya Mdogo Wangu

Mbwa wetu tulimfuga sisi wawili, mimi na mdogo wangu, kwenye karakana yetu ya kuchomelea mageti. Tulipatana hivi: mwaka huu nampeleka mimi chanjo ya kichaa, mwaka ujao yeye. Zamu yangu nilimpeleka akiwa bado mdogo. Mwaka uliofuata sikuuliza. Mtu mzima na ndevu zake humuulizi kama amefanya kazi yake.

Jumanne yule mbwa akamng'ata mama mkononi alipokuwa anamwekea maji. Nilimwosha kidonda kwa sabuni chini ya bomba robo saa nzima, huku nafoka kadi ya chanjo iko wapi. Mdogo wangu akaileta. Muhuri mmoja. Wangu.

"Na zamu yako?"

"Kaka, chanjo yenyewe inakaa miaka mitatu. Niliulizia."

"Kwa nani?"

"Kwa muuza dawa za kuku."

Muuza dawa za kuku! Nilimpigia daktari wa mifugo palepale, nikaweka spika kila mtu asikie.

"Ya kwanza hurudiwa baada ya mwaka," akasema. "Ikisharudiwa, ndipo kuna zinazodumu miaka mitatu. Huyo wenu kinga yake haina uhakika. Mfungeni siku kumi mumwangalie, na mama aende hospitali. Leo!"

Mdogo wangu akakuna kisogo. "Si tusubiri hizo siku kumi kwanza? Mbwa anakula vizuri. Na mama na sindano hawapatani."

"Kichaa kikishamwanza mtu ni kaburi, we bwege! Unataka kumfanyia mama majaribio? Shika mkoba wake, twende."

"Msinigombanie kama maiti," mama akasema. "Miguu ninayo."

Alichomwa siku hiyo, akachomwa siku ya tatu, akachomwa ya saba. Mkono ukamuuma hata sufuria haiinui. Mimi na mdogo wangu tukawa tunachomelea geti moja bila kusemezana.

Siku ya kumi mbwa alikula, akabweka, akajilalia zake. Mdogo wangu akaja anacheka. "Umeona, kaka? Mama wa watu katobolewa bure."

Nilimzaba kofi. Mbele ya mama, na mvi zangu hizi.

Mama hakunikataza. Alimkabidhi mdogo wangu mnyororo wa mbwa. "Mpeleke akachanjwe sasa hivi," akasema, akivaa viatu. "Na mimi naja. Wewe siku hizi ni wa kusindikizwa."